Pasaka Malindi: jinsi ya kuifurahia na familia bila kuitwika bahari taka

Huku kwetu Pasaka huja kaskazi inapokatika na kusi inapoanza kuvuma. Joto la Machi halijaondoka, mawingu ya masika yanajikusanya, na mji unajaa. Ndugu wanashuka mabasi kutoka Nairobi na Mombasa, tuktuk hazipatikani, na kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ufuo wote kutoka Silversands hadi Mayungu ni watu na masufuria. Ndiyo raha yake, na sina nia ya kumpunguzia mtu raha hiyo.

Ila sisi tunaoishi hapa tunaona jambo ambalo mgeni wa siku nne hawezi kuliona. Wiki hii ndiyo wiki mbaya zaidi ya kuichezea bahari ya Malindi. Machi na Aprili maji huwa na joto kuliko miezi mingine yote, kwa hiyo matumbawe tayari yako taabani. Kasa wanapanda mchangani kutaga. Na mvua kubwa ya kwanza ikishuka, kila kilichotupwa mtaani huingia mtaroni na kufika baharini, pengine kabla ya wageni kufika kwao. Ndiyo maana nasema kusherehekea vizuri hapa hakuhitaji vitu vya bei ghali vyenye maandishi ya kijani. Kunahitaji kupanga siku kwa kufuata mwezi, maji na mvua. Hata Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mkesha wa Pasaka Aprili 1498, ilibidi afuate majira ya pepo za hapa kama kila nahodha; aling'oa nanga tarehe 24 ya mwezi huo kuelekea India.

Nimeyapanga mambo haya kwa mtiririko wa sikukuu yenyewe.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kupanga saa

Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa mtu wa pwani hiyo ni habari kubwa, maana mwezi mpevu huleta bamvua. Siku moja au mbili baada ya mwezi kutimia, maji hujaa sana na kupwa sana, na kati ya kujaa na kupwa huwa na zaidi ya mita 3. Kwa hiyo kabla hujawaambia watu mtakwenda pwani saa ngapi, hesabu siku kutoka mwezi mpevu hadi Jumapili.

Chukua mwaka 2026. Mwezi mpevu ni tarehe 2 Aprili na Pasaka ni tarehe 5, kwa hiyo bamvua inakaa juu ya sikukuu yenyewe. Mwaka 2027 mwezi mpevu ni tarehe 22 Machi na Pasaka ni tarehe 28. Hapo maji yatakuwa yanaelekea kuwa mafu. Hayatoki mbali wala hayapandi sana.

Tofauti hii ina maana gani kwa familia? Wakati wa bamvua, hapa kwetu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita za mchana, yakichelewa karibu dakika 50 kila siku inayofuata. Hiyo ndiyo saa ambayo magari ya wageni yanafika pwani. Wanakuta bahari imekwenda mbali, mwamba uko wazi, vidimbwi vinang'aa, na watoto wanatimua mbio kuelekea huko. Kila wanapokanyaga, kitu hai kinavunjika. Tumbawe la mviringo, lile linalofanana na jiwe, hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na 2016 yakapauka tena. Yaliyopo leo ni yale yaliyosalimika na yale yanayojaribu kurudi.

Basi ratiba yangu ya bamvua ni hii: asubuhi kanisani na jikoni, pwani tunashuka kuanzia saa nane hivi, maji yakiwa yanapanda juu ya mchanga. Kuogelea ni kuzuri, watoto hawana mwamba wa kukanyaga, na jua limepunguza ukali. Angalieni tu mahali pa kutandika mkeka, kwa sababu ikikaribia saa kumi au saa kumi na moja maji hula ufuo karibu wote. Yakiwa maji mafu, geuza ratiba: asubuhi kati ya saa nne na saa tano maji yamejaa ya kutosha na yametulia. Ukiwa na shaka, muulize mvuvi yeyote jioni moja kabla. Hatakutoza kitu.

Hatua ya 2: Matawi yasiue mnazi

Jumapili ya Matawi ndiyo mlango wa sikukuu, na tawi letu huku ni kuti. Kinachoniuma ni kuona watu wakikata kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, kwa sababu ni jeupe na laini kusuka misalaba. Mnazi una kichwa kimoja tu cha kuotea. Ukijeruhiwa hapo hauchipui ubavuni kama mwembe. Hufa umesimama, na mwenye shamba atangoja miaka mingi hadi mche mwingine uzae.

Zungumza na mkwezi mapema. Akipanda kuangua nazi za sikukuu, akushushie makuti mawili matatu ya chini ambayo bado ni mabichi. Hayo mnazi ungeyaangusha wenyewe. Kuti moja kubwa lina majani zaidi ya 200, kwa hiyo makuti machache yanatosha jumuiya nzima. Misalaba mliyosuka itundikeni nyumbani mwaka mzima, kisha mwakani irudisheni kanisani kabla ya Jumatano ya Majivu, maana majivu yenyewe hutokana na matawi ya mwaka uliopita. Ni desturi ya zamani isiyoacha taka yoyote, na inasikitisha kuona misalaba ya plastiki ikiuzwa nje ya geti.

Hatua ya 3: Hesabu watu, kisha shika kikapu

Chakula kinachomwagwa Jumatatu ya Pasaka ni kingi mno, na chanzo chake ni mama mwenye nyumba kuogopa aibu ya sufuria kuisha. Hesabu watu kwa majina. Kilo moja ya mchele inatosha watu wazima 6 hadi 8 ikiwa kuna kitoweo na kachumbari. Waulize wanaokuja wanalala au wanarudi siku hiyohiyo. Kisha ongeza kidogo kwa ajili ya jirani, si kwa ajili ya hofu.

Sokoni nenda na kikapu cha ukindu au cha ukili, na vyombo vyenye vifuniko kwa vitu vya majimaji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini sote tunajua ile myembamba inayopenya kwa mlango wa nyuma. Ikataeni. Mkimpa mama wa nyanya kikapu, atawawekea humo bila neno.

Soda nunua za chupa za gilasi kwa kreti, urudishe chupa. Vinywaji vya nyumbani ni bora zaidi, na pwani inatupa kila kitu: ukwaju, ndimu, pasheni, madafu. Ukwaju wa kuloweka usiku mmoja, ukachujwa na kutiwa sukari na tangawizi, unashinda kreti tatu za soda.

Jambo moja la ujirani. Malindi ni mji wa watu waliochanganyika, na Pasaka ya kwetu haijawahi kuwa ya Wakristo peke yao mezani. Kama utachinja kuku au mbuzi, mwombe jirani Mwislamu akuchinjie. Hapo nyumba zote za uani zitakula, na sahani zitakwenda zikirudi zikiwa zimefunikwa kwa kawa au kitambaa, bila hata karatasi ya kufungia.

Hatua ya 4: Samaki wa Ijumaa Kuu

Siku hii kila nyumba inataka samaki kwa wakati mmoja, bei inapanda, na bei ikipanda mtu hununua chochote kilicho mezani. Hapo ndipo mnunuzi ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani.

Tafuta samaki wa maji makuu: nguru, jodari, kolekole, au vibua kama mfuko ni mwepesi. Hawa huzunguka sana majini na hawategemei mwamba wetu kama pono. Mwache pono. Yule samaki mwenye rangi za kijani na buluu na mdomo kama wa kasuku ndiye fundi wa usafi wa matumbawe. Hukwangua mwani unaotaka kuyafunika. Katika majira haya ambapo joto limeyadhoofisha, kila pono anayebaki majini ana kazi ya kufanya. Usinunue pia samaki wadogo waliolundikwa fungu moja, changu na tafi wa urefu wa kidole. Hao ni wa juya na nyavu zenye matundu madogo, na hawajawahi kuzaa hata mara moja.

Pweza nao wana habari yao. Maji yakipwa sana, watu hutembea mwambani na fimbo na vyuma kuwatoa mashimoni. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani, akaatamia mayai bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Akitolewa shimoni kabla, kizazi chote kimekwenda. Kama ni lazima pweza, mtake mkubwa, na umuulize muuzaji alikotolewa. Kamba mawe mwenye mayai chini ya mkia asinunuliwe kabisa, hata akipunguzwa bei.

Nenda mapema mahali boti zinaposhusha, au kwa mama karanga, yaani mama mchuuzi wa samaki, unayemfahamu. Fungua matamvua ya samaki mwenyewe, yawe mekundu yenye unyevu, na macho yawe yamejaa. Beba ndoo au beseni. Kisha mwambie waziwazi: "Mama, pono na vichanga sitaki, nitafutie kolekole." Akiyasikia maneno hayo kwa wateja kumi asubuhi moja, kesho atamwambia mvuvi.

Hatua ya 5: Jikoni, na heshima ya nazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nazi ni somo zima.

Wali wa nazi wa Pasaka siku hizi unapikwa na tui la boksi. Boksi lina karatasi, plastiki na bati jembamba vilivyogandamana, na hakuna mtu Malindi anayevitenganisha. Sasa iangalie nazi. Unaifua kwa kifuo, makumbi yanabaki rundo upande mmoja. Unaivunja, maji yake anakunywa mtoto aliyekuwa anakungoja kwa kikombe. Unakaa juu ya mbuzi unakuna mpaka weupe uishe. Unatia maji ya vuguvugu kidogo, unakamua kwa kifumbu, unapata tui zito; unarudia kwa maji mengi zaidi, unapata tui jepesi. Wali unachemkia tui jepesi kwanza, na lile zito unalitia maji yanapokaribia kukauka. Kilo ya mchele ni nazi mbili za wastani.

Halafu hesabu mabaki. Chicha wape kuku siku hiyohiyo, kwa sababu hailali. Ikifika asubuhi imechacha. Vifuu kausha, ni moto mkali, na kilicho kizuri kichongwe upawa. Makumbi yaweke, tutayahitaji kwenye mti. Hakuna hata kimoja kinachohitaji gari la taka.

Kuhusu moto: makaa mengi yanayouzwa mjini yametoka kwenye misitu inayokwisha, kwa hiyo yatumie kwa uchumi. Loweka mbaazi na maharagwe usiku wa kuamkia siku ya kupika, yataiva kwa muda mfupi zaidi. Funika sufuria. Wali ukikauka upalie: makaa machache juu ya kifuniko, machache chini, basi. Chungu cha mchuzi kilichoiva kikiwekwa ndani ya kikapu kikubwa na kuzungushiwa leso na mablanketi, kitakaa moto hadi watu warudi misani, bila jiko kuwaka bure. Makaa ya mikoko usiyanunue hata kama yanasifiwa kuwa hayana moshi.

Pakueni kwenye sinia. Watu wanne au watano sinia moja, mikono imenawa, mambo yamekwisha. Mkiwa wengi, azimeni masinia ya jumuiya au ya chama cha akina mama. Sahani za plastiki na zile nyeupe za povu hazina nafasi katika nyumba ya Mswahili. Povu lile hupasuka vipande vidogo kama punje za mchele, na likishafika ufuoni baada ya mvua huwezi kuliokota lote hata ukishinda umepiga magoti.

Hatua ya 6: Watoto, mayai na nguo

Mayai ya chokoleti tumeletewa na wageni, hasa Waitaliano waliojaa mjini kwetu, na watoto wanayapenda. Kwa joto la Malindi huyeyuka kabla hayajafika nyumbani, na yanaacha karatasi za kung'aa na plastiki. Badala yake chemsheni mayai ya kuku pamoja. Weka maganda ya vitunguu vyekundu ya wiki nzima kwenye sufuria, maji, na kijiko cha siki. Mayai hutoka rangi ya udongo mwekundu. Manjano ya unga hutoa njano iliyokolea. Mtoto akifunga jani la mchicha au la mwarobaini juu ya yai kwa kitambaa chepesi kabla ya kulitia rangini, umbo la jani linabaki. Chagua mayai yenye ganda jeupe, rangi inashika vizuri. Wayafiche uani, wayatafute, wayale. Yaliyobaki yaingie kwenye mchuzi wa nazi jioni.

Mapambo: asumini, majani ya mnazi yaliyosukwa, leso zenye rangi zilizotandazwa ukutani. Baluni hapana. Upepo huzichukua hadi baharini, na kasa hula kila kinachoelea kama konyeza (jellyfish).

Nguo za Pasaka nazo si lazima ziwe za dukani. Fundi cherehani akipewa wiki tatu, gauni la dada mkubwa linakuwa la mdogo, na hakuna atakayejua.

Hatua ya 7: Jumatatu ya Pasaka pwani

Jua kwanza sheria. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi nchini, pamoja na hifadhi za bahari na fukwe zake: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, kwa hiyo mnaposhuka hapo mnaingia sehemu iliyolindwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Malipo ya kiingilio cha Shirika la Wanyamapori hufanyika kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, basi maliza hilo nyumbani kwenye intaneti nzuri.

Mzigo wa pwani uwe mwepesi: mkeka, jagi au dumu la maji ya kunywa, vikombe vya bati, mahamri na viazi vya karai ndani ya bakuli lenye kifuniko, matunda yasiyohitaji kisu, na mfuko mmoja wa kitambaa kwa taka. Mfuko huo mpe mtu mmoja kwa jina. Ukisema "tutaokota wote", hakuna atakayeokota.

Dhidi ya jua, vaeni mikono mirefu na kofia, na watoto waogelee na fulana. Baadhi ya losheni za jua zina kemikali zinazodhuru matumbawe. Kitambaa hakidhuru kitu.

Mkikodi boti yenye sakafu ya kioo, semeni na nahodha kabla hamjaondoka. Afunge kwenye boya, asitupe nanga juu ya mwamba. Na mwambieni hamtaki mkate. Ile desturi ya kuwarushia samaki mkate ili watalii wapige picha inawaharibu. Samaki anayeshiba mkate haendi kula mwani, na mwani ndio unaofunika matumbawe. Msiokote kombe wala simbi. Kaa mwenye kuhamahama hukaa ndani ya ganda lisilo na mwenyewe, na ufuo uliookotwa kila ganda unamwacha hana nyumba.

Kasa hutaga hapa mwaka mzima, lakini miezi ya Machi hadi Julai ndiyo yenye wengi, na mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Kwa hiyo usiku wa Pasaka msiwashe moto mkubwa ufuoni wala msimulike na tochi kali. Kasa jike akiona mwanga hugeuka na kurudi majini bila kutaga, na vitoto vilivyoanguliwa hufuata taa badala ya bahari. Mkiona alama pana za mburuzo kutoka majini hadi juu ya ufuo, msichimbe, msiweke kijiti, msipige picha kwa mwako. Waarifuni maafisa wa wanyamapori, au watu wa Local Ocean Conservation kule Watamu, wanaolinda viota hivi. Na wazazi, mashimo makubwa ya mchanga ambayo watoto wamechimba yafukieni kabla ya kuondoka. Kasa akitumbukia humo usiku huenda asitoke.

Ikiwa mvua imenyesha bara, Mto Sabaki utamwaga udongo na bahari ya Malindi itakuwa ya kahawia. Msilazimishe. Nendeni Magofu ya Gede au Msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa matatu moja mliyoijaza wenyewe badala ya magari matatu.

Hatua ya 8: Pandeni mti mmoja, na uwe hai

Masika ndiyo wakati wake. Familia iliyokutana inaweza kupanda mti mmoja kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa mwaka huo au mzee aliyetutoka. Napendelea mti wa nyumbani wenye faida: mwembe, mdimu, mkwaju, mwarobaini wa kivuli. Mwembe unataka nafasi, kama mita 10 kutoka ukuta au mti mwingine.

Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 60, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Chana mfuko wa mche kwa uangalifu na uurudishe kwa mwenye kitalu, kwa sababu huo mfuko mweusi ndio unaosahaulika shimoni. Shindilia, mwagilia, kisha tandaza makumbi ya nazi zako kuzunguka shina bila kuligusa. Yanashika unyevu wiki nyingi. Andikeni jina la mtu atakayemwagilia mvua zikikatika, maana miche mingi hufa Septemba, si Aprili.

Mikoko ni suala jingine. Kuichomeka tu matopeni kwa ajili ya picha ni kupoteza miche. Mkoko, mkandaa na mchu kila mmoja una kimo chake cha maji. Mkitaka kuipanda, nendeni na vikundi vya wenyeji wa Mida, ile hori ya mikoko karibu na Watamu, wanaojua ni wapi maji yanafika.

Hatua ya 9: Jumanne, kabla mvua haijatuwahi

Usiseme utatenganisha taka kesho. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka zinazooza zitengwe na zisizooza nyumbani kwako, na kwa sikukuu ni rahisi mno: weka ndoo mbili tangu Ijumaa. Maganda, majani na mabaki ya mboga yaende shimoni uani, yakifunikwa kwa udongo kila tabaka. Mifupa na samaki vizikeni chini zaidi, au mbwa na kunguru watafukua usiku.

Chupa za plastiki walizokuja nazo wageni zioshe, zikaushe, mpe kijana anayekusanya kwa kilo. Ndara zilizokatika usitupe mtaroni. Mafundi wa Lamu waliunda dau zima, Flipflopi, kwa plastiki na ndara zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Sehemu ya malighafi hiyo huenda ilipitia mitaro kama ya kwetu. Plastiki usichome. Moshi wake unaingia dirishani kwa jirani yuleyule aliyekuchinjia kuku.

Kisha chukueni majembe na watoto wakubwa, mzibue mtaro ulio mbele ya nyumba yenu, kutoka ukuta hadi ukuta. Jirani akiwaona atatoka na jembe lake. Mkimaliza, rudisheni masinia ya watu yakiwa yameoshwa, na kreti ya soda ikiwa na chupa zake zote.